Injini ya Mwinjilisti Jastin

Mke wangu Yudita aliifungua injini ya pikipiki ya baba yake kwa mikono yake mwenyewe, siku ya kuanua matanga, kanga ya msiba ikiwa bado kiunoni, kwa amri ya watu ambao hawajui hata plagi inakaa wapi. Miaka saba imepita na nikikumbuka bado damu inanichemka. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mambo ya ukoo wa mke hayamhusu mkwe. Sawa. Asiyetaka kusikia mkwe akisema aishie hapa.

Baba mkwe wangu, Jastin Mwalongo, alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri pale Kifanya. Alizungukia mitaa yake kwa BSA ya silinda moja, ya Kiingereza, ya mwaka hamsini na nne, aliyoachiwa na mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa na watoto wanne. Edward, wa kwanza, ni ofisa Njombe mjini. Timoth analima viazi na kupanda miti pale pale kijijini. Mika hana kazi inayojulikana. Wa nne ndiye Yudita, na katika hao wote ni yeye peke yake aliyewahi kuchuchumaa karibu na ile pikipiki. Alipokuwa darasa la pili alikuwa anampa baba yake spana bila kuulizwa ni ipi. Alipomaliza la saba alikuwa anasafisha kabureta mwenyewe, na mwinjilisti anaenda kuhubiri bila hata kuikagua.

Leo Yudita ni fundi pikipiki Makambako, karibu na maegesho ya malori, na sisi tunaishi Mahongole. Mimi ni Obed, Mkinga, nauza mbao. Zamani vijana wa bodaboda walikuwa wakifika pale kijiweni wanamuuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Anawajibu, "Katoka. Lete ufunguo." Wanarudi baada ya saa moja wanakuta pikipiki inaunguruma vizuri na fundi hajarudi. Siku hizi hawaulizi.

Sasa siku ya matanga. Ukoo ulikaa sebuleni, na mimi nikakaa kwenye benchi la mlangoni, kwa sababu kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ni ukwe. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa Anderson, kaka wa marehemu. Ng'ombe waligawanywa, majembe yakagawanywa, mablanketi yakagawanywa, hakuna aliyenung'unika. Ilipofika zamu ya pikipiki, Edward akasema yeye ndiye kifungua mimba. Timoth akasema yeye ndiye aliyebaki kuwatunza wazee. Mika akasema hapa hakuna mtoto wa kambo. Hakuna aliyemtaja Yudita.

"Wanangu," akasema baba mkubwa, "chombo ni kimoja na ninyi ni watatu. Nikimpa mmoja nimewagombanisha mpaka kaburini. Kifunguliwe. Kila mtoto wa kiume apate kumbukumbu ya baba yake."

Watu wakatikisa vichwa kwamba hiyo ndiyo hekima. Hekima! Ng'ombe ukimgawa kila nyumba inakula. Injini ukiigawa kila nyumba inapata chuma chakavu. Lakini wengi wape, na mimi nilikuwa mlangoni.

Cha kukasirisha zaidi ni kwamba kati ya wanaume wote wale hakuna hata mmoja aliyeweza kuifungua. Wakamwita Yudita kutoka jikoni. Alikuja mikono imejaa unga. Baba mkubwa akamwambia, "Mama, tusaidie kufungua hii, kaka zako wagawane." Yudita alimtazama, akamtazama Edward, kisha akaenda kunawa mikono. Alifungua kwa saa mbili nzima. Kila kipande alikifuta kwa petroli, akakifunga kwenye gazeti, akamkabidhi mwenyewe. Edward alipata silinda na pistoni. Timoth alipata kabureta na magneto, ile inayotengeneza moto wa plagi. Mika alipata tangi. Sehemu ya chini ya injini, fremu na magurudumu vikaingizwa kwenye banda la baba mkubwa viwe vya ukoo. Yudita alipewa sweta la baba yake na mfuko wa spana, kwa kuwa spana zile za Kiingereza hazifungi nati yoyote ya siku hizi.

Njiani kurudi, tulikuwa tumeshapita Njombe mjini. "Baba Rosemary," akaniambia, "leo nimemkatakata baba yangu." Nikamwambia asijali, ni vyuma tu. Hilo nalo lilikuwa jibu la mpumbavu, na naliandika hapa ili lijulikane.

Miaka sita. Silinda ya mwinjilisti ilikaa sebuleni kwa Edward, imejazwa maua ya plastiki, pezi moja la kupozea limevunjika kwa sababu watoto waliiangusha. Pistoni ilikuwa mezani kwake ofisini, inazuia karatasi zisipeperushwe. Magneto ilining'inizwa jikoni kwa Timoth juu ya moshi. Na tangi, tangi la mtu aliyehubiri dhidi ya pombe kwa miaka arobaini, Mika alikuwa anabebea ulanzi kutoka kwenye mianzi hadi kilabuni. Sisemi kwa kuambiwa na mtu. Mimi mwenyewe nilinusa.

Mwaka jana usharika wa Kifanya ukajiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini. Mchungaji mgeni alikuwa amesikia habari za mwinjilisti na pikipiki yake, akaomba iongoze maandamano. Baba mkubwa akanipigia simu. Akanipigia mimi, siyo mwanawe Yudita.

"Kamwene, mkwe."

"Kamwene, baba."

"Mwambie mama hapo aiunge ile pikipiki ya marehemu. Nimeshasema na kaka zake, watatoa vitu vyao. Lakini asisahau, vitu vina wenyewe. Sherehe ikiisha ataifungua tena, kila mtu arudi na kumbukumbu yake."

Nilipomweleza, Yudita alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Nikafikiri atakataa, na moyoni nikamwombea akatae. Akaniuliza tu, "Tangi lina kutu?" Nikasema lina ulanzi. Akaweka ungo chini na kucheka, na sikukipenda kile kicheko.

Alivikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akipiga hodi kwa kaka zake kama mtu anayeomba chumvi. Mke wa Edward alimtaka alete chombo kingine cha kuwekea maua. Na alikipeleka! Alinunua jagi sokoni Njombe akampelekea. Mimi ningempelekea kitu kingine.

Ilichukua miezi mitatu. Sehemu ya chini ya injini ilikuwa imeingia maji bandani, beringi zimeganda, na aliziloweka kwenye mafuta ya taa siku tisa, kila asubuhi anazitikisa kidogo kwa kiganja. Ringi za pistoni hazipatikani popote Tanzania. Akaenda kwa mchonga vyuma wa barabara ya Songea na slivu, bomba la chuma la ndani ya injini, ya lori lililokufa, akasimama pale siku nzima akipima kila ringi inayokatwa. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilivunjika. Ya saba ikaingia. Valvu alizisaga kwa kijiti, anakipekecha katikati ya viganja kama mtu anayetafuta moto, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Magneto ilikuwa imepoteza nguvu ya sumaku yote, na fundi umeme wa malori aliizungushia waya mnene na kuipiga shoti za betri mbili za fuso. Tangi alilisuuza kwa mchanga na maji ya moto mara kumi na moja. Harufu iliondoka mara ya kumi na moja.

Nilimwona akifanya kazi kwa namna ambayo sijamwona akiifanyia pikipiki ya mteja. Hakuwa na furaha. Alikuwa anakaza kila nati kana kwamba anamkaza mtu. Siku moja nikamuuliza kwa nini anajitesa hivi wakati anajua ataibomoa.

"Nani kakwambia naibomoa?"

"Si baba mkubwa alisema?"

"Alikwambia wewe," akasema, akachukua spana nyingine.

Basi nikajua. Yudita alikuwa anaitaka ile pikipiki ibaki nzima, na ibaki kwake, na alikuwa anakwenda kuwaambia hivyo mbele ya ukoo. Nikajua pia kwamba siku hiyo atatafuta mtu wa upande wake, na mtu mwenyewe ni mimi. Nikamwahidi. Nilisema kwa mdomo wangu, "Mama Rosemary, safari hii sikai mlangoni."

Ilipowaka mara ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya gulio. Alipiga kiki mara nne. Mara ya tano ikampiga yeye, ikamrushia mguu juu na kumchubua muundi, akatukana neno la Kibena ambalo mke wa mtu hatakiwi kulijua. Akarekebisha kidogo, akapiga tena. Ikawaka. Siyo mlio wa hizi pikipiki za siku hizi zinazolia kama cherehani. Inapiga pigo moja, halafu moja, halafu moja, mpaka unausikia kifuani. Madereva wa malori wakatoka kuangalia. Yudita alishika tangi kwa mikono miwili na kulia waziwazi, mbele ya watu, machozi na oili usoni. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Tuliipakia kwenye lori la mbao hadi Kifanya. Siku ya jubilei uwanja wa baba mkubwa ulijaa. Yudita alivaa kitenge cha sare ya ukoo, na ndani yake suruali. Niliiona ile suruali nikajua ana matumaini. Akaiwasha, watu wakapiga vigelegele, wazee wawili wakavua kofia. Kisha baba mkubwa akainua fimbo.

"Edward ndiye mkubwa. Edward ataiendesha hadi kanisani."

Yudita akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya, maana mimi ningenyamaza na kusubiri. Alimsogelea kaka yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hii ni ya Kiingereza. Gia ziko mguu wa kulia. Breki ya nyuma iko kushoto. Usichanganye."

"Yudita, mimi naendesha pikipiki tangu wewe hujaolewa," akasema Edward, kwa sauti ambayo kila mtu aisikie. Akaondoka. Alikwenda hatua kama thelathini. Kwaya ya akina mama ilikuwa mbele yake, akataka kupunguza mwendo, akakanyaga mguu wa kulia kwa nguvu zote. Gia ikaruka, pikipiki ikachupa, akina mama wakatawanyika na vitabu vyao vya nyimbo, na Edward akaishia kwenye ua wa mianzi. Hakuumia, na Mungu anisamehe, nilisikitika kidogo. Injini ikazimika. Edward akainuka, akajipangusa suti, akasema, "Mbovu hii. Haikutengenezwa vizuri."

Haikutengenezwa vizuri!

"Haina ubovu," akasema Yudita. Alikuwa ameshaishika usukani na kuinyoosha. "Baba mkubwa, niruhusu. Naiendesha mimi."

Baba mkubwa hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliongea kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mama, umefanya kazi nzuri, tunashukuru. Lakini mbele ya usharika, mwanamke apanue miguu juu ya chombo cha mwinjilisti? Hapana. Isukumwe. Vijana, sukumeni. Mkwe, wewe una nguvu za mbao, shika nyuma hapo."

Yudita akanitazama. Watu wote walikuwa wananitazama, wakwe zangu wote, na fimbo ya baba mkubwa ilikuwa inaonyesha mahali hasa pa kushika.

Nikashika nyuma. Nikasukuma.

Tulikuwa sita. Kutoka pale hadi kanisani ni kilomita moja na nusu, na nusu yake ni mlima. Tulisukuma injini iliyochukua miezi mitatu kufufuka, nzima, yenye petroli kwenye tangi, tukitoa jasho kama punda, huku watu wakipunga matawi. Fundi wake alitembea nyuma pamoja na watoto. Kanisani mchungaji akamshukuru Edward na ndugu zake kwa kuirudisha kumbukumbu ya mtumishi wa Mungu. Edward akasimama, akainama. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaitazama shingo yake, na ningekuwa na spana mkononi sijui.

Chakula kilipokwisha, ukoo ukakusanyika tena pale nje ya kanisa, kuizunguka pikipiki. Mika alikuwa ameshakuja na gunia la kubebea tangi. Baba mkubwa akasema, "Haya mama, tumemaliza salama. Ifungue sasa, kila mtu apate chake, jua linakwenda."

Yudita akaweka mfuko wa spana begani. Akakunja kitenge mpaka kiunoni, suruali ikaonekana mbele ya wachungaji na wazee wa kanisa, akapandisha mguu akakaa.

"Baba mkubwa, kufungua nilifungua siku ya matanga. Mlinipa kumkatakata baba yangu nikamkata, kwa sababu nilikuwa naomboleza na sikuwa na nguvu ya kubishana. Leo ninazo. Kaka zangu, mlipewa kumbukumbu mkaiwekea maua na ulanzi. Anayetaka chake aje Makambako, aje na spana inayoingia."

Akapiga kiki mara moja tu. Ikawaka.

Hapo ndipo nilipokurupuka. Nilivuka ule mduara mbio, nikashika kiti cha nyuma, nikainua mguu nipande. Yudita akageuza kichwa. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa ananitazama tu kama anavyomtazama mteja asiyemfahamu.

"Wewe rudi na wenzako mliosukuma," akasema.

Akaingiza gia kwa mguu wa kulia akaondoka. Tulimsikia mpaka alipofika barabara kuu na kukata kuelekea Njombe. Baba mkubwa akanigeukia na fimbo yake. "Mkwe! Mfuate mkeo! Pikipiki hiyo irudi hapa leo leo!"

Nikamwambia haitarudi. Nikamwambia ni ya Yudita, na ilikuwa ya Yudita tangu yuko darasa la pili, na kwamba wao wote, na mimi pamoja nao, hatustahili hata kuifutia vumbi. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki, na mengine niliyasema kwa Kikinga ili nisikose neno. Mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele kimoja halafu akaziba mdomo.

Nilipata nafasi kwenye gari la viazi, nikafika Mahongole jua linazama. BSA ilikuwa uani, imefunikwa turubai. Yudita alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, ananawa oili mikononi kwa sabuni ya unga. Nikasimama mbele yake nikamweleza yote: nilivyosema, nilivyomwambia baba mkubwa usoni, jinsi Edward alivyokosa pa kutazama, mpaka yule mama wa kwaya. Nilisimulia haraka haraka, mikono inarukaruka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamwaga maji machafu pembeni.

"Uliyasema hayo nikiwepo?"

"Ulikuwa umeshaondoka."

"Basi," akasema, akaingia ndani.